Sonara, Mfumaji na Mshonaji Katika Kazi Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametokana na mazungumzo na wabunifu chipukizi wa vito, vitambaa na mapambo ya mavazi kama mikoba, mikanda, kofia na skafu, ambao wameanza au wanakusudia kutengeneza kazi pamoja na mtu wa fani nyingine. Anayejibu ni mfumaji ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifanya kazi bega kwa bega na masonara. Msimamo wake utaonekana katika majibu karibu yote: kazi ya pamoja hufaulu au huharibika kwenye kiungo, yaani pale metali inapokutana na uzi na pale wajibu wa mtu mmoja unapokutana na wajibu wa mwenzake. Kwa hiyo kiungo ndicho kinachostahili kubuniwa kwanza.

Kushirikiana kuna tofauti gani na kumwagizia fundi kazi?

Kumwagizia fundi kazi ni kumpa mchoro uliokamilika, vipimo na siku ya kukabidhi; yeye hutengeneza, hulipwa, na shughuli huishia hapo. Huo ni utaratibu halali na wa heshima. Kushirikiana ni jambo jingine, kwa sababu kila mmoja ana haki ya kuligeuza wazo la mwenzake, na kitu kinachopatikana mwishoni hakingeweza kufikiriwa na mmoja wao akiwa peke yake. Jiulize kama mfumaji anaweza kumwambia sonara kwamba pete ile ni nene mno kwa kitambaa hiki, na sonara akairudisha mezani. Kama hawezi, basi huo ni uagizaji, na ni vyema uitwe hivyo tangu siku ya kwanza ili fundi alipwe ujira wake badala ya kupewa ahadi ya faida itakayokuja. Chipukizi wengi wameumia hapa: hualikwa kwa jina la ushirikiano, wakatoa miezi ya kazi, kisha wakagundua kwamba walikuwa vibarua wasiolipwa.

Je, jambo hili ni geni?

La hasha. Mwaka 1903 Josef Hoffmann na Koloman Moser, wakisaidiwa na mfadhili Fritz Waerndorfer, walianzisha Wiener Werkstätte mjini Vienna, karakana za pamoja zilizohusisha kazi za metali, vito na ngozi, na baadaye vitambaa na mavazi, mpaka zilipofungwa mwaka 1932. Katika miaka ya 1930 mbunifu wa mavazi Elsa Schiaparelli alimpa Jean Schlumberger nafasi ya kumtengenezea vifungo na vito, na vifungo hivyo vikawa sehemu ya wazo la vazi lenyewe badala ya kuwa vitu vya kulifungia tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Anni Albers, mfumaji aliyefunzwa Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, ambaye karibu mwaka 1940 alitengeneza mikufu pamoja na mwanafunzi wake Alexander Reed. Walitumia vitu vya kawaida vya dukani: kichujio cha sinki, vibanio vya karatasi, pini za nywele, washa za alumini na utepe. Walikuwa wameviona vito vya kale vya Monte Albán nchini Meksiko, ambavyo vilichanganya dhahabu na vitu visivyo na thamani kubwa, wakaelewa kwamba uzuri wa kito unaweza kutoka katika namna vitu vilivyopangwa. Mwaka 1946 kazi zao zilioneshwa katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa jijini New York. Ukiutazama mmoja wa mikufu ile unaliona jicho la mfumaji waziwazi, kwa kuwa vibanio vinaning'inia kwenye kichujio kwa mpangilio na marudio yaleyale yanayotawala kitambaa.

Karibu zaidi na wakati wetu yupo Shaun Leane, aliyefunzwa usonara wa kimapokeo jijini London, ambaye alimtengenezea mbunifu wa mavazi Alexander McQueen koseti ya koili za alumini iliyooneshwa mwaka 1999. Sonara wa pete na bangili alilazimika kufikiri kama mshonaji, kwani alikuwa anakivalisha kiwiliwili kizima.

Nitampataje mwenza anayefaa?

Tazama namna anavyomaliza kazi yake kabla ya kutazama ubunifu wake. Geuza mkoba ndani nje uone mishono, pindua hereni uone mgongo wake, uliza kile kitambaa kimefuliwa mara ngapi. Mtu anayejali upande usioonekana atakijali kiungo, ambacho mara nyingi hakionekani. Baada ya hapo, msianze na mkusanyo wa kazi 20. Tengenezeni kitu kimoja kidogo, kwa mfano kifungo cha skafu, mkakimaliza kabisa. Katika muda huo mtajua kama mwenzako hujibu ujumbe, hukubali kukosolewa, na hutimiza tarehe aliyoitaja mwenyewe. Kufanana kwa ladha si sharti. Wabunifu wawili wenye ladha moja huweza kukubaliana upesi sana wakatoa kazi isiyo na jipya lolote, ilhali tofauti iliyojadiliwa kwa adabu huzaa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

Tuanzie kwenye mchoro au kwenye sampuli?

Anzieni kwenye sampuli ya kiungo. Michoro huficha matatizo, kwa sababu kalamu hupita kutoka kwenye metali hadi kwenye uzi bila kukutana na upinzani wowote.

Kazi yangu ya kwanza ya pamoja ilikuwa mkufu wa shaba ya manjano wenye vishada vya hariri. Baada ya wiki tano mmoja wa wanunuzi aliurudisha ukiwa umekatika. Tulipouweka chini ya kioo cha kukuzia tuliona kwamba tundu lililotobolewa kwa keekee lilikuwa limelainishwa upande wa mbele tu, na upande wa nyuma ulibaki ukingo mwembamba kama wembe. Kila mara mvaaji alipogeuza shingo, uzi ulisuguliwa mahali palepale. Kwa kipimo cha fani yake sonara hakukosea, maana katika mkufu wa kawaida tundu kama lile hupitishwa kipete cha metali ambacho hakidhuriki. Kwa kipimo cha fani yangu nami sikukosea, maana hariri ile ilikuwa imara na imesokotwa vizuri. Kosa lilikuwa katikati yetu, mahali ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kupatazama.

Tangu hapo tunafanya hivi. Mdomo wa tundu hupanuliwa kidogo pande zote mbili kwa ncha pana ya keekee, hupitishwa msasa uliokunjwa, kisha kipande cha soksi nyepesi ya nailoni huvutwa polepole ndani ya tundu na juu ya kila ukingo. Soksi ikinasa hata mara moja, kazi hurudi kwenye tupa. Panapotarajiwa mvutano mkubwa, tundu huvalishwa kijibomba chembamba cha metali ambacho midomo yake hukunjwa nje kama ribiti, ili uzi uegemee ukingo wa mviringo. Halafu sampuli hutundikwa ikiwa na uzito mara tatu ya ule itakaoubeba, na kutikiswa kila siku kwa juma zima. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyotuondolea malalamiko.

Nani atangulie kufanya kazi, wa metali au wa nguo?

Moto utangulie, uzi ufuate. Lehemu ya fedha huhitaji joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi, na hakuna uzi wa pamba, hariri wala sufu unaoweza kukaa karibu na joto hilo. Baada ya kulehemu huja tindikali dhaifu ya kuondoa weusi wa moto, ambayo hula pamba, na baada ya tindikali huja kung'arisha, ambako huacha mabaki ya dawa yenye mafuta meusi. Mabaki hayo hujificha kwenye kona na chini ya vipete, kisha hutokea kwenye kitambaa cheupe siku ambayo kila kitu kimekwisha shonwa. Sonara aoshe kazi kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, aikaushe kabisa, aifute kwa kitambaa cheupe, na asiikabidhi mpaka kitambaa hicho kibaki cheupe.

Vilevile nguo imalize safari yake ya maji kabla ya kufika kwenye metali. Kitambaa cha pamba ambacho hakijafuliwa kinaweza kusinyaa mara ya kwanza kinapolowa, na fremu ya metali iliyokatwa kwa kipimo cha awali haitakifaa tena. Rangi nayo iwe imeoshwa hadi maji yatoke safi. Ikiwa ni lazima metali ifungwe baada ya kitambaa kuwekwa, tumieni viungo visivyotaka moto: ribiti, skurubu, vikucha vinavyokunjwa, au mshono wenyewe.

Kwa nini metali huchafua kitambaa, na kitambaa huharibu metali?

Kwa sababu vyote viwili vina kemia, na jasho la mwili huiharakisha. Shaba nyekundu na shaba ya manjano, zikikutana na jasho, hutoa chumvi za rangi ya kijani ambazo huingia kwenye nyuzi na ni vigumu kuzitoa. Kwenye ngozi yenye mafuta mengi bizimu la shaba hujikusanyia utando wa kijani kama nta kuzunguka ribiti zake. Chuma kikilowa kwenye ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, tanini iliyomo humenyuka nacho na kuacha doa jeusi lisilofutika. Ni mmenyuko uleule uliotumika kwa karne nyingi kutengeneza wino.

Kwa upande wa pili, fedha husawijika inapokutana na salfa, na sufu ina salfa ndani ya protini yake, kama ilivyo kwa aina nyingi za mpira. Bangili ya fedha iliyohifadhiwa ndani ya mfuko mzuri wa sufu, ambao mfumaji ameutengeneza kwa upendo, inaweza kukutwa imeingia weusi, na mfuko huo ndio uliosababisha. Pamba iliyooshwa vizuri ni salama zaidi. Lulu nazo ni laini na huliwa hata na tindikali nyepesi, hivyo kitambaa kilichotiwa rangi kwa siki au tindikali nyingine kisuuzwe kikamilifu kabla ya kushonewa lulu.

Dawa ni kuweka kizuizi: tabaka la lakiri kwenye metali, bitana kati ya bizimu na ngozi, au metali isiyomenyuka sana kama chuma cha pua na titani. Lakini lakiri huchubuka, na mnunuzi aambiwe hivyo.

Mbinu za nguo zinaweza kutumika kwenye metali yenyewe?

Zinaweza, na hapa ndipo kushirikiana kunaponoga. Wamarekani Arline Fisch na Mary Lee Hu walionesha tangu karne ya 20 kwamba waya unaweza kufumwa, kusukwa na kuviringwa kama uzi, ukatoa kito chepesi chenye umbo kubwa. Anayejaribu kwa mara ya kwanza achukue waya wa shaba nyekundu wa milimita 0.3 hivi, uliolainishwa kwa moto, na sindano ya kroshia. Mfumaji atashangaa kwamba waya hausamehe. Uzi ukikosewa hufumuliwa ukarudi kama ulivyokuwa, ilhali waya uliokunjwa huwa mgumu zaidi kila unapokunjwa, na ukirudiwa mahali pamoja mara kadhaa hukatika. Sonara ndiye anayejua kuurudishia ulaini kwa moto, na mfumaji ndiye anayejua kuzilinganisha kani za mkono ili vitanzi vyote viwe sawa. Hakuna mmoja anayeweza kuipata kazi nzuri bila maarifa ya mwenzake.

Fedha safi, yaani sehemu 999 kati ya 1,000, inafaa zaidi kufumwa kuliko fedha ya 925, kwa kuwa ni laini na haitoi weusi inapopashwa moto. Ulaini huohuo huifanya isifae kwa kishikizo kinachofunguliwa na kufungwa kila siku. Kishikizo kiwe cha 925, ambayo kwa kawaida huongezewa shaba ili ipate ugumu.

Tupangeje uzito?

Pimeni kwa mizani ndogo, msikisie. Hereni iliyoonekana nyepesi mezani huwa mzigo baada ya saa sita sikioni, na kishada cha nyuzi kikilowa mvua huongezeka uzito. Kwenye nguo, metali ishikizwe mahali penye tabaka mbili au zaidi, kitambaa cha kuimarishia kikiwa nyuma, na mvutano ufuate mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, ambao huvumilia zaidi kuliko upande wa mshazari unaonyumbuka. Bruchi yenye pini nene hutoboa nyuzi za hariri na kuacha matundu ya kudumu, kwa hiyo pini iwe nyembamba na yenye ncha kali, ili ipite kati ya nyuzi bila kuzikata.

Kuna masharti gani ya usalama wa mvaaji?

Nikeli ndiyo chanzo kinachojulikana zaidi cha mzio wa metali kwenye ngozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye kitu kinachogusa ngozi kwa muda mrefu kuwa mikrogramu 0.5 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki, na 0.2 kwa vipini vinavyoingizwa kwenye matundu ya mwili. Sheria zake pia hazikubali risasi inayofika asilimia 0.05 ya uzito katika vito, wala kadmiamu inayofika asilimia 0.01. Hata kama huuzi huko, hivyo ni vipimo vizuri vya kumdai mwuzaji wa vishikizo na minyororo ya bei nafuu, ambavyo ndivyo wabunifu wa mikoba na mikanda hununua bila kuuliza. Muombe cheti cha maabara; akishindwa kukitoa, tafuta mwingine.

Pembe za ndovu, ganda la kasa na aina kadhaa za marijani zimewekewa masharti na mkataba wa CITES wa mwaka 1973, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kuvusha mpaka kito chenye vitu hivyo bila kibali kunaweza kuwa kosa la jinai hata kama vilitolewa kwenye kito cha kale.

Makubaliano yetu yanahitaji kuandikwa, ingawa sisi ni marafiki?

Yanahitaji, na wakati mzuri wa kuyaandika ni sasa, mkiwa bado marafiki. Kurasa mbili za lugha nyepesi zinatosha kuanzia. Ziseme nani ameleta nini, kuanzia wazo na muundo hadi vifaa, fedha na saa za kazi. Nani anabeba hasara sampuli zikiharibika. Nani ana neno la mwisho juu ya rangi, juu ya umbo, na juu ya siku ya kutoa kazi. Na nini kitatokea mmoja akiugua, akihama au akichoka. Sehemu hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka kwa kuona haya, nayo ndiyo inayohitajika kuliko zote.

Andikeni pia kile ambacho hakimo. Kama mfumaji alikuja na namna yake ya kufuma aliyoibuni kabla ya kukutana na sonara, mbinu hiyo ibaki yake, na kinachomilikiwa kwa pamoja kiwe kile tu kilichozaliwa ndani ya ushirikiano. Nimeona ushirikiano mzuri ukivunjika kwa sababu mmoja aliendelea kutumia fundo alilolijua tangu utotoni, na mwenzake akaamini kwamba anaibiwa.

Muundo wa kazi ya pamoja unalindwa vipi?

Kwa njia mbili kuu zinazoweza kwenda sambamba. Ya kwanza ni hakimiliki, ambayo chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 haihitaji usajili. Nchi zinazoilinda sanaa ya matumizi kama kazi ya sanaa hulazimika kuipa muda usiopungua miaka 25 tangu ilipotengenezwa. Tatizo ni kwamba nchi hutofautiana sana katika kuamua kama mkoba au mkanda ni kazi ya sanaa au ni bidhaa tu.

Ya pili ni kusajili muundo. Mfumo wa Hague, unaosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, huwezesha kuomba ulinzi katika nchi nyingi kwa ombi moja, na Mkataba wa Paris humpa aliyeomba katika nchi moja miezi sita ya kuomba kwingine bila kupoteza tarehe yake ya kwanza. Jihadharini na picha. Katika nchi nyingi muundo lazima uwe mpya, na picha iliyowekwa kwenye mtandao wa kijamii kabla ya ombi inaweza kuuondolea upya huo. Umoja wa Ulaya hutoa miezi 12 ya neema baada ya kuonesha, lakini si kila mahali pana neema kama hiyo. Kwa hiyo amueni kwanza kama mtasajili, ndipo mpige picha za kutangaza.

Kazi itajwe kwa jina la nani?

Kwa majina yote mawili, kila mara, kwenye lebo, kwenye picha na kwenye maelezo ya maonyesho, na fani ya kila mmoja itajwe. Mpangilio wa majina unaweza kubadilishana kutoka mkusanyo mmoja hadi mwingine. Jina linaloachwa kwa sababu ya ufinyu wa nafasi huwa ni la mtu wa nguo, na jambo hili linaniuma, kwa sababu saa alizokaa mbele ya kitanda cha mfumi mara nyingi ndizo nyingi zaidi.

Bei na mapato yagawanywe vipi?

Kwanza kila mmoja arudishiwe gharama ya vifaa vyake, kisha alipwe saa zake, na kinachobaki ndicho faida inayogawanywa. Watu wengi huanza na kugawana nusu kwa nusu, jambo linaloonekana la haki mpaka mtakapohesabu. Chukua mkoba wa mkononi uliomchukua sonara saa nne na mfumaji saa kumi na moja, huku fedha iliyotumika ikiwa na thamani mara kadhaa ya uzi. Mkigawana nusu mapato yote, sonara anaweza kukosa hata kurudisha thamani ya fedha aliyotoa, na mfumaji anaweza kulipwa kwa saa chini ya nusu ya mwenzake. Kwa hiyo huenda kila mmoja akajihisi amedhulumiwa, na wote wawili wakawa na sababu.

Saa za sampuli zihesabiwe pia, zikitawanywa juu ya idadi ya kazi mnazotarajia kuuza. Bei ya fedha na dhahabu hupanda na kushuka, hivyo andikeni kwamba gharama ya metali itakadiriwa kwa bei ya siku ya kununua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la pamoja ambalo kila mmoja anaweza kulifungua wakati wowote limeokoa ushirikiano mwingi kuliko maneno matamu.

Duka linataka kuchukua kazi zetu kwa mali kauli. Tukubali?

Mnaweza, kwa idadi ndogo. Katika mali kauli duka hulipa baada ya kuuza, kwa hiyo mtaji wenu ndio unaokaa kwenye rafu. Pateni orodha iliyotiwa saini yenye hali ya kila kitu siku ya kukabidhi, tarehe ya malipo, na jina la atakayewajibika kikiibwa au kikififia dirishani kwa jua. Ombeni pia kwamba kazi isitenganishwe: mkufu wa metali uliobuniwa kukaa juu ya skafu fulani usiuzwe peke yake bila ridhaa yenu.

Tunavutiwa na nakshi za jamii nyingine. Tuzitumie?

Kuvutiwa si kosa. Tatizo huanza nakshi yenye maana ya ibada, cheo au msiba inapofanywa pambo la mkanda na mtu asiyejua inasema nini, huku walioitunza kwa vizazi wakiwa hawapati chochote. Njia iliyo bora ni kuwatafuta mafundi wa jamii yenyewe na kuwaingiza kama wabunifu wenza, kwa masharti yaleyale ya jina, saa na mgawo mnayojipa nyinyi. Wakikataa, jibu lao liheshimiwe. Kukosekana kwa katazo la kisheria hakumaanishi kwamba ruhusa imetolewa.

Tukitofautiana katikati ya kazi?

Rudini kwenye sampuli mbele yenu. Ubishi juu ya ladha hauna mwisho, lakini ubishi juu ya kitu kilicho mkononi unaweza kukatwa kwa kukijaribu. Ikishindikana, mwenye neno la mwisho katika eneo lile, kama mlivyoandika, aamue, na mwenzake amalize kazi kwa ubora uleule.

Nani atakarabati kazi ikiharibika?

Lipangeni hili wakati wa kubuni. Uzi huchakaa kabla ya metali, kwa hiyo kazi nzuri ni ile inayoweza kufunguliwa, kitambaa kikabadilishwa na metali ikabaki. Skurubu ndogo, kulabu au mshono unaofumuliwa kwa urahisi ni bora kuliko gundi, ambayo huzeeka, hugeuka manjano na kumzuia fundi atakayekuja baadaye. Mnunuzi apewe maelezo mafupi ya utunzaji yanayosema sehemu ipi itolewe kabla ya kufua, na kwamba manukato yapuliziwe kabla ya kuvaa lulu.

Na kwa kila toleo, wekeni akiba: mita chache za uzi uliochovywa katika maji yaleyale ya rangi, vipete vinne au vitano vya ziada, na karatasi yenye tarehe, aina ya metali na kiasi cha rangi kilichotumika, vyote katika bahasha moja iliyofungwa na kuwekwa gizani. Rangi iliyochovywa siku nyingine haitalingana na ya kwanza hata ukifuata vipimo vilevile, na mnunuzi anayerudi baada ya miaka sita na kishada kilichokatika atataka rangi aliyoipenda siku ile.